Kabla ya kuandika malengo, soma meseji zako za LUKU

Mwaka mpya ukiingia watu hukimbilia malengo: kiwanja, kupunguza mwili, kumaliza mkopo wa kikoba. Mimi nakushauri kazi moja itangulie. Tenga jioni, ukae na mwaka ulioisha, ila usikitegemee kichwa chako. Kichwa hutunza harusi na misiba. Ukiniuliza 2024 ilikuwaje, haraka haraka nitakutajia harusi ya mdogo wangu, mvua zilizoichimba barabara ya kwetu, na kimbunga Hidaya cha mwezi Mei ambacho sisi wa Dar tulikisubiri kwa hofu kikaishia kutupa upepo na mvua. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linaloeleza kwa nini nyumba yetu ya Desemba haikufanana na ile ya Januari.

Yaliyoibadilisha yalikuwa madogo mno kukaa kichwani. Nimeyakuta kwenye simu.

Anza na meseji za LUKU, zile za kununua umeme wa kulipia kabla, maana hazidanganyi na kila moja ina tarehe yake. Nilipolinganisha za mwanzo wa mwaka na za mwisho nikaona kwamba Januari uniti zilikuwa zinadumu. Nikataka kujisifu kwa kubana matumizi, kisha nikakumbuka mgao. Umeme ulidumu kwa sababu haukuwepo. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulianza kuzalisha Februari, mgao ukaisha, na kuanzia hapo meseji zinakuja kwa kukaribiana. Friji ilirudi kuwa friji. Nikaanza tena kwenda Feri na ndoo, kununua samaki wa kutosha wiki nzima, badala ya kumsubiri mama wa samaki apite mtaani jioni. Hilo nalo ni badiliko, ingawa siku lilipotokea hakuna aliyeliona.

Halafu ukafika ule usumbufu wa kuhuisha mita, ambao mwisho wake uliwekwa tarehe 24 Novemba 2024. Unanunua umeme, unaletewa makundi matatu ya tarakimu 20, na lazima uyaingize kwa mpangilio. Kwetu kazi ya kuingiza LUKU ilikuwa yangu peke yangu tangu tuhamie. Siku ile sikuwepo, ikabidi baba watoto na binti yetu wa kwanza wakae mbele ya mita wasomeane namba. Tangu hapo sijapigiwa simu kazini kuambiwa umeme umekata. Kama unatafuta sehemu ya kugawa kazi za nyumbani, angalia siku ambazo hukuwepo na mambo yakaenda.

Baada ya simu, fuata daftari la mangi. La kwetu liliniambia habari za sukari. Mwanzoni mwa mwaka iliadimika, kwa kuwa mvua zilizuia uvunaji wa miwa. Serikali ilitoa bei elekezi, lakini dukani kwetu kilo ilivuka shilingi 4,000. Kwenye daftari unaona kilo zinageuka nusu, nusu zinageuka robo. Bei iliposhuka robo zikaendelea. Hatukuwahi kukaa kikao kuamua kunywa chai isiyo tamu sana, midomo ilizoea tu. Baba mkwe pekee akija hujiongezea mwenyewe huku akiguna.

Hapo ndipo nilipopata swali la kwanza ninalokushauri uliulize kila badiliko: hili tulilichagua au lilitujia? Ya sukari yalitujia, tukayapenda. Ya gesi tuliyachagua, na hayo nitayaeleza kidogo, maana wengi mko njiani.

Mwezi Mei serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Nyumbani kwetu uamuzi ulitoka kwa dada anayetusaidia kazi, aliyechoka kuwasha jiko la mkaa alfajiri watoto wakisubiri uji. Tukanunua mtungi wa kilo 15. Ambacho hatukuambiwa na yeyote ni namna pesa inavyotembea. Mkaa unanunua kopo kwa hela ya mfukoni, hata siku mbaya hukosi. Gesi inataka pesa nzima kwa mkupuo, na huisha wali ukiwa jikoni. Kwa hiyo siku unapohamia gesi, ile hela ya kopo endelea kuitoa kila siku kana kwamba bado unanunua mkaa, uitupie kwenye kibubu. Ukiweza, uwe na mtungi mdogo wa kilo 6 wa akiba. Wala usiuze jiko la mkaa. Maharage na makande bado tunachemshia nje, na nyumba inayokwambia imeacha mkaa kabisa iulize maharage wanakula wapi.

Sasa swali la pili, gumu zaidi: hiki kilichokuja kimeondoa nini? Tulipokuwa tunapikia barazani, majirani walipita, wakasimama, wakaondoka na moto wa kuwashia jiko lao. Gesi imetuingiza ndani. Habari za mtaa sasa nazipata kwenye grupu la WhatsApp, zikiwa zimeiva hadi kuungua. Sirudi kwenye moshi, lakini Jumamosi nachambua mboga nje kwa makusudi.

Swali hilohilo ndilo lililonishika kwenye habari ya treni. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, nauli ya kawaida shilingi 13,000, safari chini ya saa mbili. Mama yangu anaishi Morogoro. Zamani kwenda kwake ilikuwa kujipanga: basi, foleni za Kibaha na Chalinze, unafika umechoka, unalala, unarudi kesho yake. Treni ilipoanza nikawa naenda mara nyingi zaidi na kurudi siku hiyohiyo. Nilijiona mtoto mwema. Miamala ya tiketi kwenye simu inathibitisha, nimekwenda kuliko mwaka wowote wa nyuma.

Lakini nilipomuuliza Mama mwaka wake ulikuwaje, alisema, "Siku hizi unakuja kama bwana afya, unakagua unaondoka." Nikacheka, kisha nikatafuta picha. Kweli, picha zote za Morogoro baada ya Juni ni za mchana. Zilizokwisha ni zile za usiku, yeye amejifunga khanga, ameshika kikombe, taarifa ya habari inaendelea na hakuna anayeitazama. Mama huzungumza mambo yake ya maana usiku. Mchana ni kuku, mashine ya maji na mafundi. Habari ya goti lake kumuuma nilikuja kuisikia kwa dada yangu, aliyelala kwake Septemba. Treni ilinipa safari nyingi na ikachukua usiku, na mimi nilikuwa nahesabu safari.

Siilaumu treni, nitaipanda tena. Nasema tu kwamba jambo jema kama hilo hutaliona limeondoa kitu mpaka umuulize aliyeko upande wa pili. Kwa hiyo usiufanye ukaguzi huu peke yako. Waulize wa nyumbani kila mtu mwaka wake ulikuwa upi. Mwanangu wa kiume, kwa mfano, mwaka wake ni ule alioanza kutumwa dukani peke yake. Sikuwa nimelitia hilo mahali popote. Kwake yeye lilikuwa kubwa kuliko SGR na Bwawa la Nyerere kwa pamoja.

Nilipomaliza, malengo yangu ya mwaka uliofuata yalitoka mafupi na ya ajabu kidogo: kulala Morogoro mwisho wa mwezi, tiketi ya kurudi iwe ya Jumapili jioni, kibubu cha gesi kisiguswe, na mita ya LUKU isirudi kuwa kazi yangu.

Jambo la mwisho ni la kiufundi. Kama unabadilisha simu mwaka huu, usiifute ya zamani kabla hujahakikisha meseji zimehama. Picha nyingi huhama kwa urahisi, meseji hubaki nyuma mara nyingi. Taarifa ya miamala unaweza kuiomba kwa mtandao wako wa simu, lakini ile ya LUKU ya Januari, yenye uniti zilizodumu kwa sababu ya giza, ukiifuta imekwenda.