Muulize Mpiga Picha: Uso wa mama umepotelea kwenye majani

Shikamoo Mzee. Jumapili iliyopita tulikusanyika kwa mama, Kihonda, Morogoro, nikawapiga wote picha kwa simu chini ya migomba. Mama amejitanda kanga nyekundu ya "Nani kama mama", kaka yuko na kanzu nyeupe, wanangu wawili wamevaa vitenge. Kwa rangi picha imependeza mno. Ila nataka kuitoa nyeusi na nyeupe, niitundike sebuleni kando ya picha ya harusi ya mama na marehemu baba ya mwaka 1974. Nilipobonyeza kitufe cha kuondoa rangi, uso wa mama ukafanana na majani ya nyuma yake, utadhani hayupo. Nikaongeza mwanga, kanzu ya kaka ikawa karatasi tupu. Mimi ni mgeni kabisa wa mambo haya. Nimekosea wapi? Binti wa Kihonda.

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuniletea na picha yenyewe, kwa sababu nimeifungua kwenye kompyuta nikapima, na jibu limo humo humo.

Kila nukta ya picha ya simu ina namba tatu: nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Shavu la mama yako lilinipa nyekundu 120, kijani 80, bluu 60. Jani la mgomba lililo nyuma ya sikio lake lilinipa nyekundu 70, kijani 105, bluu 50. Kwa macho yako na yangu hizo ni rangi mbili zisizokaribiana hata kidogo. Lakini kitufe cha kuondoa rangi kina mizani yake, na mizani inayotumika sana ilitokana na televisheni: huchukua asilimia 30 ya nyekundu, asilimia 59 ya kijani na asilimia 11 ya bluu, kisha hujumlisha. Piga hesabu. Shavu linatoka 90. Jani linatoka 88. Tofauti ya namba mbili hakuna jicho litakaloiona, ndiyo maana mama akazama kwenye migomba.

Kwa hiyo unapoondoa rangi, lazima uamue wewe kila rangi iwe kijivu cha namna gani. Sisi wa zamani tuliamua kabla ya kupiga. Nilipoanza kazi Tanga nikiwa kijana wa kuchota maji ya chumba cha giza cha kusafishia picha, fundi wangu alikuwa na vioo vya rangi vya kuvika kwenye lenzi, amevifunga kwenye kitambaa laini, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuvigusa. Kioo cha njano, cha kijani, cha chungwa. Kioo hupitisha rangi yake na kuzuia nyingine, hivyo kitu chenye rangi ya kioo hutoka cheupe zaidi na chenye rangi iliyo mbali nayo hutoka cheusi zaidi. Siku hizi vioo vile vimo ndani ya simu yako, tena unaweza kuvibadilisha baada ya kupiga, jambo ambalo fundi wangu angelipia pesa nyingi.

Kwenye Snapseed, programu ya simu ya kurekebisha picha, ukiingia sehemu ya nyeusi na nyeupe utakuta rangi za kuchagua: nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu. Jaribu nyekundu kwanza uone kinachotokea. Shavu la mama litabaki na 120 yake, jani litashuka hadi 70. Mama atatoka majanini mara moja, nawe utafurahi. Halafu tazama kanga. Ile nyekundu yake ina namba 170 upande wa nyekundu, kwa hiyo sasa imekuwa nyeupe-nyeupe, na maandishi meupe ya "Nani kama mama" yamefifia hadi hayasomeki. Sikubali kabisa kanga ipoteze jina lake. Miaka 50 ijayo mjukuu atakayeitazama picha hiyo atataka kusoma bibi yake alivaa nini siku ile.

Ndiyo maana nakushauri utumie Lightroom ya simu, programu nyingine ya kurekebisha picha. Ukibonyeza nyeusi na nyeupe mle, unaletewa mistari minane ya kuburuta kwa kidole, kila rangi na mstari wake. Sisi Waafrika tunasema ngozi nyeusi, ngozi ya maji ya kunde, ngozi nyeupe, lakini kwa mashine karibu sote tuko kwenye rangi ya chungwa, nzito au nyepesi. Basi uso wa mama unauendesha kwa mstari wa chungwa. Mimi niliupandisha hadi 20. Wa nyekundu sikuugusa, kanga ikabaki nzito na maandishi yake yakang'aa. Majani nikayashusha, na hapa wengi wanaoanza hukwama: wanashusha kijani, wanaona hakijatokea cha maana. Majani mengi tunayoyaita ya kijani, mashine huyahesabu kuwa na njano nyingi. Shusha njano hadi kama 30 chini ya sifuri, na kijani vivyo hivyo. Nenda taratibu. Ukiburuta mpaka mwisho utaona ukingo mweupe ukizunguka kanga kichwani mwa mama na chembechembe shavuni, kwa sababu picha ya JPEG, aina ya faili inayotumiwa na simu nyingi, huhifadhi rangi kwa kubana zaidi kuliko mwanga, na wewe sasa unaitegemea ile rangi iliyobanwa.

Kuhusu kanzu: rudi kwenye nakala ya awali, usiongeze mwanga wa picha nzima. Kanzu ya kaka yako bado ina mikunjo kwenye ile ya rangi, nimeiona, hata nakshi za shingoni zipo. Ukishapandisha chungwa, uso unapata mwanga wake peke yake na kanzu haiguswi.

Sasa nisikilize vizuri kwa hili. Huo mstari wa chungwa una nguvu kubwa, nao unaweza kumfanya mama yako kuwa mtu mwingine. Pale studio tulikuwa na kioo ukutani, kitana, na kopo la poda. Wateja walijipaka, kisha wakarudi kuchukua picha wakalalamika, "Mbona umenitoa mweusi?" Fundi wangu alikuwa akipunguza muda wa kumulika karatasi ya picha ili watoke weupe zaidi, waondoke wameridhika, nami nilifanya hivyo miaka mingi. Kisha wakaanza kuja watoto wao na picha zile, wazazi wameshafariki, wananiuliza kama ninayo negativu, ile filamu ya asili iliyotolea picha, kwa sababu sura iliyo kwenye karatasi haifanani na mtu waliyemjua. Wapo niliowajibu kwamba negativu imekwisha kuliwa na unyevu. Hilo linaniuma hadi leo. Mama yako ni mweusi wa kupendeza na picha imwonyeshe hivyo. Kipimo changu ni kiganja: kwenye picha yako mkono wake wa kulia umefunguka gotini. Uso ubaki mzito kuliko kiganja. Siku uso na kiganja vikilingana, umeshavuka, rudisha kidole nyuma.

Ukipata nafasi, tafuta picha za Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Alipiga uani kwa mwanga wa mchana, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Wanawake wa kwenye picha zile wamevaa maua mbele ya maua, lakini nyuso zao hazipotei hata kidogo, na hakuna aliyepaushwa. Na kwetu, Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1930, imetunza nyuso za watu wa Zanzibar kwa namna hiyo hiyo.

Safari nyingine muweke mama barazani, ukingoni mwa kivuli, uso uelekee uani kwenye mwanga. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ndipo upige. Na ile picha ya rangi usiifute kamwe.

Mzee, nimepeleka picha ya nyeusi na nyeupe kusafishwa mjini, ikarudi na ukijani kama imeota ukungu. Kwenye simu haiko hivyo. Walioisafisha wanasema kosa ni la simu yangu. Msomaji wa Mwanza.

Simu yako haina kosa. Mashine nyingi za kusafisha picha hutumia karatasi ya rangi, na karatasi hiyo hutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi tatu: samawati, zambarau-nyekundu na njano. Zikilingana sawasawa unapata kijivu. Moja ikipungua kidogo, picha ya rangi inaweza kulificha kosa hilo, lakini picha ya nyeusi na nyeupe inaumbuka palepale. Omba wakutolee kwanza moja ndogo, uitazame nje kwenye mwanga wa mchana, usiitazame chini ya taa ya dukani. Ikiwa bado ni ya kijani, warekebishe mashine kabla ya kutoa kubwa. Na uwapelekee faili kwa flashi, au kama unatuma kwa WhatsApp, itume kama hati ili isibanwe.

Nina picha ya bibi ya miaka ya 1960, imeingia madoa ya njano. Niipige upya kwa simu ikiwa nyeusi na nyeupe ili madoa yasionekane? Mjukuu, Lamu.

Ipige kwa rangi, mjukuu wangu, hata kama picha yenyewe haina rangi. Doa la njano humeza bluu na kuachia nyekundu ipite. Ukiwa na nakala ya rangi, unaigeuza kwa kioo chekundu, na madoa mengi yanafifia karibu yote. Ukiigeuza kwa kioo cha bluu yatatoka meusi kama wino. Ukiipiga nyeusi na nyeupe tangu mwanzo, simu inakuchagulia mchanganyiko na huwezi tena kuyatenganisha na shavu la bibi. Ilaze picha mezani karibu na dirisha, bila jua la moja kwa moja, na iondoe kwanza kwenye fremu ikiwa haijagandana na kioo. Ikiwa imegandana, iache humo humo, uipige kwa kuinamisha simu kidogo mpaka mng'ao wa kioo uondoke usoni pake.