Umekaa muda hujaruka na parachuti? Soma hii kabla hujapanda ndege tena

Kuna watu wengi tu wa rika langu walichukua leseni ya kuruka na parachuti wakiwa na miaka ishirini na kitu, wakaruka sana msimu mmoja miwili, halafu maisha yakaingia, masomo, kazi mpya, hela kukata, na vifaa vikabaki kabatini. Mi nilikuwa kwenye hilo kundi, nikarudi, na sahivi naruka kila nikipata nafasi. Sasa kama na wewe unafikiria kurudi kuna jambo nataka ulijue mapema: ule woga wa mlangoni usikuumize kichwa sana, ukishatoka nje ya ndege unaisha wenyewe. Kinachopotea kimyakimya ukikaa muda ni mikono na macho. Mikono kujua iende wapi bila kuulizwa, na macho kusoma urefu na upepo ukiwa umening'inia chini ya mwavuli, yaani parachuti iliyofunguka. Hivyo viwili ndo vya kuvifufua kwanza, mengine yatafuata.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tukirudi akili yote inakuwa kwenye ile dakika moja ya kuanguka, manake ndo tamu, ndo tulioimisi. Lakini kila mwaka kuna watu wanaumia vibaya na wengine kufa wakiwa chini ya mwavuli uliofunguka vizuri kabisa, hauna tatizo lolote, ni maamuzi tu ya karibu na ardhi. Na hayo maamuzi ndo yanayochakaa ukikaa muda mrefu, we unajiona uko vilevile kumbe sivyo.

Kwanza kabisa, wapigie simu uwanjani, pale unapotaka kurukia, kabla ya kwenda, usitokee tu asubuhi na begi mgongoni. Waambie una leseni gani, mara ya mwisho uliruka lini, na ulikuwa unatumia mwavuli wa ukubwa gani. Mwongozo wa USPA, chama cha warukaji wa Marekani, unasema mwenye leseni A (ya chini kabisa, D ndo ya juu) akipitisha siku 60 bila kuruka arudie kwa kuruka na msimamizi hadi aonyeshe kwamba bado yuko vizuri, leseni B ni siku 90, C na D ni miezi 6. Na uwanja wenyewe unaweza kuwa mkali kuliko hapo, na nchi nyingine zina utaratibu wao, kwahiyo uliza. Nenda na daftari lako la miruko. Kama ulikaa miaka na leseni yako ilikuwa ya mwanzo kabisa, ile ya miruko 25, kubali kabisa kwamba kuna uwezekano watakurudisha karibu na hatua za mwanafunzi, na mi naona ni haki yako kurudishwa, sio adhabu.

Halafu lije darasa. Usikubali darasa la maneno tu la dakika kumi huku instrakta anaangalia simu. Omba mikanda ya mazoezi, ile ya kuning'inizwa, uvae, ufanyiwe dharura moja baada ya nyingine mpaka uchoke. Mi hapa ndo nilipoona muda umenipitia. Kichwani nilikuwa najua kila kitu, naweza kukutajia mpangilio wote bila kukosea, lakini instrakta aliponionyesha picha ya mwavuli uliojisokota na unazunguka kwa kasi, mikono ilisubiri kichwa kwanza. Ilikuwa sekunde moja mbili tu, ila ile sekunde ukiwa juu ni mali. Tukarudia, tazama hendo nyekundu ya kulia (kishikio cha kuachia mwavuli mbovu), ishike, tazama ya akiba ya kushoto (ya kutoa parachuti ya akiba), vuta nyekundu mpaka mwisho, vuta ya akiba mpaka mwisho. Tukarudia tena macho yamefungwa, tena nimevaa glavu, tena akiniuliza maswali ya ajabuajabu katikati, mpaka ikawa naona picha na mkono umeshafika. Hapo ndo nikaridhika. Na nyumbani niliendelea, nimesimama chumbani nagusa kifua changu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kila usiku kabla ya kulala.

Na kwenye hilo darasa mkubaliane na urefu wa maamuzi. Kwa mwanafunzi na leseni A ni futi 2,500, yaani ukifika hapo na mwavuli wako hauko sawa mjadala umeisha, unakata unatoa wa akiba. Kwa leseni B kwenda juu ni 1,800, lakini hata kama una B, ukiwa ndo unarudi mi nakushauri utumie 2,500. Chini ya hapo ukianza kuhangaika na kamba muda unaisha haraka kuliko unavyofikiria. Usiseme "AAD ipo itaniokoa". AAD ni kile kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe. Ile ya CYPRES kwa mfano, ya warukaji wenye leseni, inafyatua ikiwa uko karibu futi 750 na bado unashuka kwa kasi ya zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Sasa kama una mwavuli nusu umefunguka nusu haujafunguka, spidi inaweza isifike hapo na kile kifaa kitanyamaza kabisa, maana ndo kilivyotengenezwa. Na inabidi iwashwe pale uwanjani unaporukia kwa sababu inapima hewa ya hapo chini ndo iijue ardhi iko wapi, usiiwashe nyumbani halafu ukasafiri nayo.

Vifaa sasa. Vilivyokaa kabatini usiviamini mpaka fundi wa parachuti mwenye leseni avifungue avikague vyote. Parachuti ya akiba ina muda wake wa kufungwa upya, Marekani ni siku 180, kwingine wana vipimo vyao, angalia kadi iliyo kwenye begi lako ina tarehe gani. AAD nayo inaweza kuwa na ratiba yake ya kukaguliwa na umri wa kustaafu, inategemea na kampuni, usijifanye unajua. Angalia ule uzi mdogo unaofunga begi, ukiwa umeanza kuota manyoya badilisha, ni kitu kidogo sana ila ukikatika wakati hutaki begi linafunguka kwenye ndege au mlangoni na hiyo inaweza kuwa balaa la ndege nzima.

Kitu kimoja nataka nikae nacho hapa manake watu waliokaa muda wanakisahau sana. Kale kamwavuli kadogo unakokatupa kwenye upepo ili kavute ule mkubwa, kwa vifaa vingi vya siku hizi kanajifunga kenyewe baada ya kazi ili kasikuburuze, kuna kamba inapita katikati inakavuta. Kwahiyo kila unapofunga parachuti lazima ukategeshe tena. Kwenye utepe unaokaunganisha na mwavuli kuna kidirisha kidogo, ukichungulia unatakiwa uone rangi, mara nyingi bluu au kijani inategemea na kampuni. Ukiona rangi, kametegeshwa. Usipoona rangi, simama, fungua, anza upya. Kakiwa hakajategeshwa ukikatupa kanaweza kuishia kuburuzwa tu nyuma yako bila nguvu ya kuvuta chochote, na hapo uko kilomita mia mbili kwa saa unashuka. Mi nachungulia kile kidirisha kabla begi halijafungwa, na hata nikifungiwa na mtu namuomba anionyeshe, na hakuna mfungaji mzuri atakayekasirika ukimuomba hivyo.

Ukaguzi ufanye mara tatu, kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda ndege, na juu kabla mlango haujafunguliwa, na ule wa mwisho mwombe mwenzako akuangalie mgongoni. Pete tatu kila bega, mikanda mitatu, hendo tatu. Zile pete, ubunifu wa Bill Booth wa miaka ya 1970, ndo zinazokuwezesha kuachia mwavuli mbovu kwa kuvuta hendo moja tu, kwahiyo zikae sawasawa na uwe unajua zinavyotakiwa kuonekana, sio kuzigusa kwa mazoea.

Suala la uzito watu wanaona aibu kuliongelea, mi naongea. Kama umeongezeka mwili tangu uache, mwavuli wako wa zamani sio mwavuli uleule tena. Jipime ukiwa umevaa kila kitu, chukua paundi gawa kwa futi za mraba za mwavuli. Kwa leseni A inashauriwa usizidi 1.0, yaani wewe na vifaa vyote mkiwa paundi 190 unataka mwavuli wa futi 190 au mkubwa zaidi. Nilipoacha nilikuwa nimeanza kuzoea mwavuli mdogo kiasi, niliporudi nikaomba mkubwa wa kukodi, mzito, wa polepole, unaosamehe. Kuna jamaa walinitania kidogo. Mi nikaona sawa tu, nilikuwa nataka muda wa kufikiria na ule mwavuli ulinipa muda. Na ukiwa unataka kununua vifaa vyako subiri kwanza, kodi, ruka, jijue uko wapi, ndo uende kwa muuzaji na fundi wako akague kabla hujatoa hela.

Mruko wenyewe ufanye mwepesi. Wewe na instrakta, basi. Watakuja marafiki wa zamani kwa furaha kabisa na upendo wote, "njoo tuko sita tunatengeneza duara, nafasi ipo", waambie wikiendi ijayo. Mkiwa wengi kuna watu wa kuwaangalia, kuna kutawanyika, kuna nani yuko juu yako, na macho yako bado yanajifunza upya kuangalia altimita (kipimo cha urefu). Kutoka futi 13,000 una kama dakika moja, zile sekunde 10 za kwanza zinakula futi 1,000 hivi maana bado unashika kasi, baada ya hapo kila futi 1,000 inaondoka kwa sekunde tano na kitu. Panga kazi chache: kaa imara, geuka kulia digrii 90, geuka kushoto, gusa hendo yako ya kufungulia mara kadhaa bila kuivuta, tazama altimita baada ya kila kitu. Mimi na instrakta tulipanga kufungua futi 5,000 ingawa leseni ingeniruhusu kushuka zaidi, na hizo futi za ziada nilizitumia zote kwenye mwavuli.

Hapa ndo penyewe. Umefunguka, angalia juu, uko mraba, uko imara, unaongozeka? Sawa. Sasa usianze kushangilia, fanya kazi. Ukiwa bado juu fanya mazoezi ya breki, zile hendo mbili za kuongozea mwavuli, vuta zote mbili taratibu mpaka usikie mwavuli unataka kugoma, achia taratibu, rudia. Tafuta ni wapi hasa mwavuli huu unainuka, manake kila mwavuli una pake. Tazama kitambaa cha upepo kiko upande gani na tazama wenzako wako wapi hewani. Halafu ingia kwenye mzunguko wa kutua, futi 1,000 unaingia ukienda na upepo, 600 unakata kona ya kwanza, 300 unageukia upepo na kuanzia hapo unanyoosha tu. Kabla ya kupanda ndege chora huo mzunguko kwenye picha ya uwanja, onyesha kwa kidole mti gani au bati gani uko juu yake kwenye kila urefu.

Na sikia, ukijikuta uko chini na hauelekei upepo vizuri, acha. Usigeuke. Mwavuli ukiuvuta upande mmoja kwa nguvu unapiga mbizi, unapoteza urefu mwingi ghafla, na kona ya kwa nguvu karibu na ardhi ndo inayovunja watu mapaja na nyonga na mbaya zaidi. Tua na upepo wa ubavuni, tua hata na upepo wa mgongoni, ilimradi mwavuli uko sawa juu ya kichwa, vuta breki zote kwa pamoja, miguu ishikane, magoti yakunjwe kidogo, na ujiviringishe. Utachafuka, utainuka. Mi mruko wangu wa kurudia nilimaliza kwa kujiviringisha kwenye majani, ningeweza kujaribu kusimama lakini sikuona sababu.

Kuhusu zile nyumba za upepo, unapoelea ndani ya jengo juu ya feni kubwa, zinasaidia mwili ukumbuke kukaa, na kama ipo karibu na wewe nenda mara moja mbili. Ila hazina altimita inayoshuka na hazina mwavuli, kwahiyo usitoke huko ukaona umemaliza. Kama hela ni ya kuchagua, mi ningeiweka kwenye kozi ya mwavuli na instrakta anayekurekodi ukitua halafu mnakaa mnaangalia.

Kama bega lako lilishawahi kuchomoka ongea na daktari kabla ya yote, bega likitoka wakati unavuta hendo hakuna wa kukusaidia. Usiruke ukiwa umetoka kuzamia baharini kwa mtungi ndani ya saa 24. Usiruke na hangova. Na upepo ukiwa mkali kaa chini hata kama wengine wanapanda, USPA wanamwekea mwanafunzi kikomo cha maili 14 kwa saa, kama kilomita 22, mwenye leseni hana hicho kikomo ila kwa mtu anayerudi mi nakitumia hichohicho. Nimewahi kukaa siku nzima uwanjani bila kuruka, nikafunga parachuti za wenzangu, nikasikiliza stori za ajali zilizoponea chupuchupu, nikarudi nyumbani.

Ukishafanya ule mruko wa kwanza usiondoke na furaha yako ukapotea miezi mingine minne. Ruka tena siku hiyohiyo kama hali inaruhusu na hujachoka, wa pili ndo unaanza kuona vitu vizuri. Kabla hujatoka uwanjani kaa na instrakta mpange tarehe inayofuata, iwe ndani ya hizo siku 60, na uilipie kabisa.