Mwanangu, kuhusu kugoma kulipa deni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza swali ambalo wenzako wengi wamelishikilia tangu maandamano ya Juni 2024: kwa nini Kenya isiwaambie wadai wa nje kwamba haina, hela ziende hospitalini? Nitakujibu kwa kisa cha Zambia, maana wao walifika huko.

Oktoba 2020 Zambia ilidaiwa riba ya dola milioni 42.5. Ilikuwa nusu ya riba ya mwaka kwa hatifungani, yaani hati ya mkopo ambayo serikali huwauzia wawekezaji, ya dola bilioni 1 iliyouzwa mwaka 2014 kwa asilimia 8.5. Lusaka ikawaomba wenye hatifungani zake wasubiri miezi sita. Wakakataa: walihofia kwamba unafuu wao ungetumika kuyalipa mabenki ya China, ambayo mikataba yake hawakuwa wameiona. Siku 30 za nyongeza zikaisha katikati ya Novemba, nchi ikahesabiwa imeshindwa kulipa.

Kumbe huo ndio ulikuwa mwanzo. Mapema 2021 Zambia iliomba kupangiwa upya madeni kupitia Mfumo wa Pamoja wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa. Kamati ya serikali zinazodai, chini ya China na Ufaransa, ilikutana Juni 2022. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa dola bilioni 1.3 ulipita Agosti mwaka huo. Juni 2023, Paris, serikali hizo zikakubali kusogeza malipo ya dola bilioni 6.3 hadi 2043, riba ikiwa asilimia 1 mpaka 2037. Wenye hatifungani wakaleta mpango wao Oktoba. Serikali zikaukataa kwa kuwa hawakujipunguzia kiasi kinacholingana na chao. Mpango wa pili ndio uliopita, na hatifungani zikabadilishwa Juni 2024. Miaka mitatu na nusu! Muda wote huo mwekezaji anakaa pembeni, kwa sababu hajui nchi itabaki na deni la kiasi gani.

Kampuni ikifilisika kuna hakimu anayesimamisha kesi na kuwapanga wadai kwa zamu. Nchi haina hakimu huyo. Mfumo wa G20 hauna tarehe ya mwisho wala hausimamishi malipo unapoomba, na kanuni ya kwamba wadai wote waumie sawa haina fomula inayojulikana mapema. Mimi ningeanzia hapo hapo: siku nchi inapoomba, malipo yasimame, na fomula iwekwe mezani.

La pili ni sheria ya London, ambako hatifungani nyingi za Afrika zinahukumiwa. Mwaka 1999 kampuni iitwayo Donegal ilinunua deni la zamani la Zambia kwa Romania, la matrekta na zana za kilimo, kwa kama dola milioni 3. Ikashtaki ikitaka milioni 55, na mwaka 2007 ikapewa takriban milioni 15. Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 2010 kuwabana wanunuzi wa namna hiyo, ila inahusu madeni ya zamani ya nchi zilizokuwa kwenye mpango wa msamaha wa madeni. Hatifungani za leo haziguswi. Kuipanua kunahitaji kura za bunge moja tu, na ndiyo maana nashangaa wanaharakati wetu hawaizungumzii.

Usisahau wadai wa ndani. Ghana ilipokwama Desemba 2022, ilitaka kubadilisha hata hatifungani za wananchi wake. Wastaafu walikwenda na mabango hadi Wizara ya Fedha, Accra, Jaji Mkuu mstaafu Sophia Akuffo akiwa mmoja wao, mpaka wakaondolewa kwenye mpango huo. Hazina yetu nayo imekopa mno kwa mabenki na mifuko ya pensheni ya hapa nyumbani. Ukigoma huko, unamgomea mwalimu aliyestaafu.

Kenya ilichagua kukopa ili ilipe. Februari 2024 iliuza hatifungani ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ikanunua sehemu kubwa ya ile ya 2014 iliyokuwa ya asilimia 6.875. Tofauti ni kama dola milioni 43 kila mwaka kwa kiasi hicho hicho. Ni ghali, lakini kwa maoni yangu si upumbavu: shilingi ilikuwa imefika karibu 160 kwa dola, na hofu ya kushindwa kulipa ndiyo iliyokuwa ikiisukuma.

Ukitaka kuidai Hazina jambo, idai vifungu vya mkataba kabla hatifungani nyingine haijauzwa. Cha majanga kwanza, kinachoruhusu malipo yaahirishwe nchi ikipigwa na janga: Grenada inacho, na baada ya kimbunga Beryl, Julai 2024, iliahirisha malipo kwa haki yake, bila kumbembeleza mtu. Kwao kipimo ni hasara inayokokotolewa na mfuko wa bima ya majanga wa Karibi. Kwetu ugumu ni ukame: hauna siku ya kuanza kama kimbunga, kwa hiyo lazima mkubaliane mapema ni mvua za msimu gani, zilizopimwa na nani. Kisha soma kiwango cha kura ambazo wenye hatifungani hupiga ili kukubali masharti mapya. Kama kila toleo la hatifungani linapiga kura peke yake kwa asilimia 75, mwenye robo na kidogo anaweza kukwamisha toleo zima. Dai kura za matoleo yote zihesabiwe pamoja.

Mama yako