Injini Inagonga: Tuifungue?

SWALI: Toyota Corona yangu, injini ya 7A, inagonga nikipanda milima ya Kabale. Fundi anataka kuifungua yote. Nikubali? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Bado, ndugu. Mlio mwembamba wa juu, tik-tik, mara nyingi ni mwanya wa valvu (vilango vya hewa vya silinda) uliozidi. Hapo hufunguliwa kifuniko cha juu tu. Mlio mzito wa chini, go-go-go, ndio wa kuogopa. Injini ikiwa sailensa (inanguruma tu, gari limesimama), fundi avae glavu kavu za mpira, achomoe waya wa plagi moja moja. Mlio ukififia kwenye silinda fulani, beringi ya konrodi yake (mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) imelika. Usiliendeshe gari tena, hata hadi sokoni! Beringi ikiisha hukwaruza krenki, na konrodi ikikatika hutoboa bloku, yaani mwili wa injini.

Mwaga oili kupitia kitambaa cheupe. Ukiona vumbi linalometameta, teremsha sampu (bakuli la oili chini ya injini) mkague beringi kwa chini. Krenki ikiwa laini bado, beringi mpya zinatosha.

Inakula oili pia? Pimeni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda dhaifu itieni kijiko cha oili, mpime tena: ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, isipopanda, shaka iende kwenye valvu au gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini).