Maswali Yenu: Blues Zote Naona Zinafanana, Tatizo Ni Mimi?

Safari hii nimeokota maswali manne ya muziki maana yanakaribiana, barua nimezifupisha kidogo, mniwie radhi.

SWALI: Habari za kazi. Mimi muziki napenda ila ule wa kuchezeka. Sasa kaka yangu kanipa plelisti ya blues ndefuuu anasema hii ndo mizizi ya kila kitu, nimejitahidi lakini kusema ukweli nasikia zote moja tu, jamaa anaimba mstari, anaurudia uleule, gitaa linalia lia, tunaanza tena. Au sina sikio? – Msikilizaji mvumilivu

JIBU: Sikio unalo, tena zuri, maana huo mstari wa kurudiwa ulioulalamikia ndo mfupa wenyewe wa blues, wewe umeunasa ukadhani ni uvivu wa mtunzi. Iko hivi. Blues nyingi zinazunguka kwenye vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, na kodi za gitaa (yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ni tatu basi. Mwimbaji anatoa mstari wa kwanza, anaurudia huku muziki chini yake umeshahamia kodi nyingine kwa hiyo maneno ni yaleyale lakini yanasikika kivingine, kisha mstari wa tatu unakuja kumaliza ubishi, vipimo vimeisha, mzunguko unaanza upya. Sasa hapa ndo uweke sikio: akiimba mstari wake hajazi nafasi yote, anaimba nusu halafu ananyamaza, na ile nusu iliyobaki ni ya gitaa. Linamjibu. Kuna mahali linamkubalia, kuna mahali linambishia, na kuna mahali linasema lile ambalo yeye kaogopa kulitamka. Kama unangojea maneno tu basi lazima nusu ya wimbo uione kelele.

Na hiyo ya mmoja kuita mwingine kuitikia haikuanzia studio, ilikuwepo kwenye nyimbo za kazi mashambani na makanisani kwa Wamarekani weusi wa kusini, huko Mississippi na majimbo jirani, vizazi vya karibu tu baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865. Mtu akiwa peke yake na gitaa lake hana kundi la kumwitikia, kwa hiyo anaitikiwa na gitaa.

Plelisti ya kaka iweke pembeni kwanza. Chukua mtu mmoja, B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues wa Marekani, na nina sababu: mwenyewe alikuwa anasema wazi kwamba kuimba na kupiga kwa pamoja hawezi, basi akiimba gitaa liko kimya, akinyamaza ndo linaongea, huwezi kuwachanganya hata ukitaka. Na hakuwa mtu wa kodi kabisa, yeye ni noti moja moja. Ujanani alikuwa anaitamani ile sauti ya kuteleza ambayo binamu yake, Bukka White, alikuwa anaitoa kwa kupitisha chuma juu ya nyuzi, ikamshinda, akaamua kutikisa kidole juu ya uzi ili noti itetemeke, na mtetemo ule ndo dunia nzima ikaja kumjua nao. Mtafutie ile rekodi ya jukwaani, Live at the Regal, ya Chicago Novemba 1964, watazamaji wanasikika humo ndani, hebu angalia wanapiga mayowe wapi. Mara nyingi ni pale anapoivuta noti moja akaiacha ining'inie. Mimi binafsi (najua nitatukanwa) wale wapigaji wa kumwaga noti mfululizo bila kuvuta pumzi wananichosha, wanapiga vizuri sawa, lakini hawamjibu mtu.

Hilo la "kulia lia" nalo lina maelezo. Kidole kinausukuma uzi kwenda pembeni, sauti inapanda taratibu, na mara nyingi inaachwa ikae katikati ya noti mbili, mahali ambapo kinanda hakina hata kibonyezo. Mtu akilia sauti yake inapita hukohuko katikati, kwa hiyo ulichosikia si mawazo yako.

Wimbo mmoja usikilize mara tatu: ya kwanza fuata sauti ya mtu, ya pili fuata gitaa peke yake, ya tatu fuata besi, na simu iweke mbali tafadhali. Ukishazoea ndo urudi nyuma kwa Robert Johnson, aliyeacha nyimbo 29 tu alizorekodi mwaka 1936 na 1937, akafa 1938 ana miaka 27. Rekodi zina mikwaruzo, usikate tamaa dakika ya kwanza. Keith Richards, mpiga gitaa wa bendi ya rock ya Rolling Stones, alipomsikia mara ya kwanza aliuliza huyo mwingine anayepiga naye ni nani, kumbe hakuna mwingine, gumba linabeba besi vidole vingine viko juu vinafanya yao. Baada ya hapo Muddy Waters, aliyehamia Chicago mwaka 1943, kule kwenye kumbi zenye kelele gitaa kavu halisikiki, akaingia kwenye umeme na amplifaya, na kutoka hapo rock yote unayoijua ikapata pa kuanzia. Kaka yako kwenye hilo la mizizi hakukudanganya.

SWALI: Shikamoo. Mume wangu siku hizi ameanza kunitumia nyimbo za blues anasema ni za mapenzi, mbona nikifuatilia maneno zote ni za kuachwa? Huyu ananipa ujumbe au? Tuna miaka mingi pamoja na hatujagombana. – Mke mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba dada yangu, hahaha, punguza wasiwasi kwanza. Anayetaka kuondoka hatumi nyimbo, anakuwa kimya.

Ni kweli blues ya mapenzi inaonekana imejaa walioachwa. Chukua The Thrill Is Gone, aliyoitoa B.B. King mwaka 1969 na ikawa ndo wimbo wake mkubwa, jamaa anasema raha imekwisha, wewe utakuja kujuta, halafu mwishoni anamtakia mwenzie heri. Umeona? Hasira na heri kwenye wimbo mmoja. Nyuma yake kuna vayolini zinapita polepole, na zimewekwa kwa kiasi, hazimfuniki. Hapo ndo utamu wenyewe ulipo kwangu: mwimbaji hajifanyi mshindi, anajianika na aibu yake yote, na sisi tunaosikiliza tunapata wa kutusemea yale ambayo mdomoni hayatoki. Mwanaume ambaye kusema "nakupenda" kunamkwama kooni anaweza kabisa kutuma wimbo wa kuachwa akimaanisha "nisingependa yanikute haya". Muulize. Tena mwambie msikilize wote wawili badala ya kutumiana tu kwenye simu mkiwa chumba kimoja, maana nawajua nyie.

Halafu mtumie na wewe. Sikiliza Etta James, I'd Rather Go Blind, wa mwaka 1967, mwanamke anamuona mpenzi wake anaongea na mwingine anasema bora apofuke kuliko kumuona akiondoka. Wimbo mzima una kodi mbili tu zinaenda zinarudi, muziki haumpi pa kukimbilia, mzigo wote umebebwa na sauti. Ukiona umezidi uzito basi uko At Last wa mama huyohuyo, wa 1960, pale mapenzi yamefika na hakuna anayelia, ndo maana maharusi wanaupenda.

Na usidhani haya ni mambo ya wanaume na magitaa yao tu. Rekodi iliyofungua milango ya blues sokoni ni ya mwanamke, Mamie Smith, Agosti 1920, iliuzwa sana hadi kampuni zikaanza kuwatafuta waimbaji weusi ambao kabla ya hapo walikuwa hawawataki. Bessie Smith akafuata 1923. Walikuwa wanaimba mambo ya waume zao bila kuficha, nenda kasikilize ucheke.

SWALI: Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitafaidi kweli?

JIBU: Utafaidi. Kumbuka mistari inarudiwa, kwa hiyo ubeti wenye mistari mitatu unahitaji kuelewa miwili tu, hakuna muziki mwingine unaokuonea huruma hivyo. Na tugeuze kibao: Ali Farka Touré wa Mali aliimba kwa lugha za kwao, albamu yake na Mmarekani mpiga gitaa Ry Cooder ya 1994 ikachukua tuzo ya Grammy, na wengi walioinunua hawakuelewa hata neno moja. Walilisikiliza gitaa.

SWALI: Nimeshapenda, sasa nataka kupiga mwenyewe. Ninunue gitaa la umeme au kavu? Nianze na nini?

JIBU: Kwa blues ya kuvuta nyuzi, la umeme, nyuzi zake ni nyembamba na hazikupi shida ya kusukuma, la kavu utalia wewe badala ya gitaa. Kama la kavu ndo unalo usilitupe, jifunze zile kodi tatu na mzunguko wa vipimo 12 mpaka uweze kuupiga huku unaongea na mtu. Kuvuta uzi fanya hivi: piga kwanza noti unayotaka kuifikia, isikie vizuri, rudi nyuma vipande viwili (zile nafasi kati ya vyuma) kwenye shingo ya gitaa, kisha sukuma uzi mpaka sauti ifike palepale. Tumia vidole vitatu kusukuma, kimoja peke yake hakitoshi. Wengi wanaishia njiani na wanadhani wamefika, kwa hiyo jirekodi na simu usikilize kesho yake. Halafu imba mstari kwa mdomo, hata kama sauti ni mbovu, nyamaza, jibu kwa noti mbili au tatu, usizidishe. Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo, hilo halina dawa.