Mchina wangu ananiita chai: nikatae mpaka lini?

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na Shangazi, aliyefuata mikoba Guangzhou, China, kwa miaka mingi na sasa anauza dukani tu.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, nauza mikoba ya kike Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Nimeshakwenda Guangzhou mara nne. Nikiwa kule nakula tambi kwa Waislamu wa karibu na hoteli, mchana na usiku, na asubuhi nakoroga uji wa unga niliotoka nao nyumbani. Mchina wangu wa kiwandani kila safari alikuwa ananiambia, Jumapili twende tukanywe chai. Ya kwanza nikasema naumwa tumbo, ya pili nikasema nafunga mzigo, ya tatu tumbo tena. Safari hii hakuniita kabisa, na bei ya dazeni haikushuka hata kidogo. Mwezi uliopita uligusia kwamba ulikula kwenye mgahawa mmoja wa Kichina miaka tisa, meza ile ile. Mimi ni Muislamu, nguruwe sitaki hata harufu yake. Wewe uliwezaje, na mimi nifanyeje? — Tumbo Linauma, Kariakoo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza hilo tumbo liache. Mtu anayeumwa tumbo kila Jumapili nani atamkopesha mzigo?

Neno lao wenyewe watu wa Guangzhou ni *yum cha*, maana yake kunywa chai, basi. Lakini ni kama kwetu Muheza ukiambiwa "karibu chai": hupewi maji ya moto matupu, kuna mihogo, kuna maandazi, na kuna habari za mtaa mzima. Kule chai inaanza alfajiri na mtu anaweza kukaa mpaka karibu na adhuhuri. Vitafunwa vinakuja kwenye vikapu vidogo vya mianzi vilivyopikwa kwa mvuke, vitatu vitatu au vinne vinne. Wazee wana msemo wao: birika moja, vitu viwili. Yaani mtu wa kawaida haagizi zaidi ya hapo. Anayejaza meza ni mgeni, au ni mwenye kiwanda anayemkaribisha mgeni.

Mgahawa wangu ulikuwa Liwan, upande wa mji wa kale, ghorofa ya pili, chini wanauza dawa za miti shamba. Hauna jina kubwa. Ile yenye majina, kama Taotaoju ya tangu 1880, nilikwenda kuangalia mara moja nikarudi kwangu. Siku ya kwanza niliingia peke yangu kwa njaa tu. Ukumbi umejaa, nikasukumwa kwenye meza ya duara yenye wazee watatu na magazeti yao. Kule kukaa meza moja na usiowajua si ajabu. Mhudumu akaniletea birika na bakuli kubwa. Nikamimina chai, nikanywa. Wazee wakanitazama. Nikaongeza, nikanywa tena. Mmoja akashindwa kujizuia: akachukua birika langu, akamimina chai kwenye kikombe changu, akazungusha vijiti vyangu humo, akaosha na kijibakuli, maji yote akayamwaga kwenye lile bakuli kubwa. Kumbe chai ya kwanza ni ya kuoshea vyombo, na mimi nilikuwa nimeshashusha vikombe viwili.

Ndiyo maana nikarudi Jumapili iliyofuata. Aibu ikinipata mahali, narudi mpaka iishe.

Yule mzee akawa mwalimu wangu. Kila akinimiminia nilikuwa nasema *xiexie*, *xiexie*, yaani asante, mpaka akachoka. Akanionyesha: mtu akikumiminia chai, kunja vidole viwili, gonga meza taratibu, endelea na maneno yako. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong, aliyetawala miaka ya 1700, alikuwa akitembea kwa kujificha amevaa kama raia, akaingia mkahawani akamimina chai kwa mkono wake mwenyewe. Mtumishi wake akashindwa: asipopiga magoti amekosa adabu, akipiga magoti amefichua siri. Akakunja vidole, vikapiga magoti badala yake. Hadithi tu, lakini kugonga ni kwa kila siku. Nilikuja kugundua hata nyumbani Temeke nagonga meza mwanangu akinimiminia chai, ananiuliza mama unabisha hodi wapi.

Na birika likiisha usimpungie mhudumu mkono. Mfuniko ukae upande, nusu wazi, atakuja kuongeza maji. Hilo nalo lina kisa: mteja mjanja alificha ndege ndani ya birika tupu, mhudumu alipofunua akaruka, jamaa akadai alipwe ndege wa thamani. Tangu hapo, wanasema, birika la mteja halifunuliwi mpaka afunue mwenyewe. Kama ni kweli sijui, ila Kariakoo tuna wateja wa aina hiyo.

Nilipofikisha mwezi wa tatu pale, mhudumu aliacha kuniuliza. Zamani zile mezani kulikuwa na kadi ya karatasi, kila kikapu kina kundi lake la bei, kidogo, cha kati, kikubwa, na wanakugongea muhuri. Mimi nikikaa tu, anaweka birika la *pu'er*, ile chai nyeusi iliyokolea kama udongo wa mvua, na keki ya figili iliyokaangwa. Nilikuwa nalipa kama wazee, vitu viwili na chai yangu, kwa sababu kiti chenyewe kina hela yake ya chai kwa kila mtu. Mchina wangu alipojua nina meza Liwan, alikuja mwenyewe kunifuata huko. Tulipanga rangi za msimu mzima pale, kwenye karatasi ya kuwekea vijiti. Dazeni ilishuka, ndiyo, lakini ilichukua mwaka na nusu. Usidhani chai moja inashusha bei.

Sasa nguruwe. Mimi ni Mkristo, Mbondei, nilikula nilichotaka, kwa hiyo usinichukue kama mfano wa kila kitu. Nitakueleza kilichomo, uamuzi ni wako na wa shehe wako.

Jambo la kwanza wengi hawalijui: kwa Kichina ukiona au ukisikia neno *rou*, nyama, bila jina la mnyama mbele yake, mara nyingi ni nguruwe. Ng'ombe ni *niurou*, kuku ni *jirou*, mbuzi na kondoo ni *yangrou*. Kwa hiyo ukiuliza "hiki ni nguruwe?" ukajibiwa "hapana, ni *rou* tu", umeshajibiwa. Yale maandazi meupe yaliyopasuka juu, *char siu bao*, ni nguruwe wa kuchoma. *Siu mai* ni nguruwe na kamba. Vile vifurushi vya kamba vyenye ngozi nyembamba mpaka wekundu wa kamba unaonekana, *har gow*, ndivyo vinavyowaponza wageni wengi, maana ni kamba kweli, lakini kwa jadi ndani hutiwa vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe ili kamba asikauke. Keki yangu ya figili ina soseji. Vile vikeki vya yai vya ukoko, unga wake mara nyingi umekandwa kwa mafuta hayo hayo. Wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi utaambiwa ni wa kuku, fungua utakuta soseji. Hata samaki wa mvuke na tangawizi, ambaye ungemtegemea, huenda amepakwa divai ya mchele ya kupikia. Na jiko ni moja, vikapu vimepandana mvuke mmoja.

Utasema basi nimekufungia mlango. Hapana. Shoga yangu wa Pemba, tuliyekuwa tukigawana naye kontena, alikaa kwenye meza ile miaka sita na hakula kitu chao hata kimoja. Anaagiza chai ya maua ya krisanti, anaosha kikombe chake kwa maji ya moto kama wanavyofanya wote, na safari hii kuosha kule kulimfaa kuliko sisi. Mkobani ana tende kutoka nyumbani. Siku ya kwanza alizitoa kwa woga, akamsogezea mzee. Mzee akala, akasema hizi ni ndugu wa tunda lao jekundu la kukausha, *hongzao*, ila tamu zaidi. Kuanzia hapo wazee wakawa wanamuuliza yeye habari zake kabla yangu, mimi niliyekuwa nakula kila kitu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtumie Mchina wako ujumbe kabla hujapanda ndege, usingoje akuite. Mwambie *wo shi Musilin, wo chi qingzhen de*: mimi ni Muislamu, nakula halali. Hatashangaa. China ina Waislamu wake, Wahui na wengine, na Guangzhou kuna msikiti wa Huaisheng ambao mnara wake ulikuwepo karne nyingi kabla babu yake hajazaliwa. Mwambie ulikuwa unaona haya kumweleza. Uongo wa tumbo utafutika wenyewe. Kisha mwalike wewe, na hapa ndipo vijana mnapokosea, mnadhani mwenye kiwanda ndiye pekee wa kualika. Mpeleke kwenye mgahawa wenye herufi hizi mbili mlangoni, 清真, ndiyo *qingzhen*. Usimpeleke kwenye kile kibanda chako cha tambi. Tafuta wa watu wa Xinjiang au Gansu, majimbo yao yenye Waislamu wengi, wenye meza kubwa, agiza kondoo, pilau lao, samaki. Bili mtagombania. Ataivuta, wewe ivute. Ukiona mkali sana, jifanye unakwenda msalani ulipe kaunta. Ukishafanya hivyo mara moja, ndipo uende kwenye chai yake Jumapili, ukae, unywe, ugonge meza. Hata usipokula atakuwa anajua kwa nini.

Na uji wako endelea nao, hauna ubaya. Mimi mwenyewe nilibeba dagaa.

SWALI: Shangazi, nimeona simuni Wachina wanakula miguu ya kuku kwa raha kama nini. Je, ni umaskini au ni dawa? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni kitafunwa cha chai, na si cha bei ya chini. Wanaiita makucha ya finiksi, yule ndege wa hadithi. Inakaangwa, inalowekwa kwenye maji mpaka ngozi ivimbe, halafu inapikwa kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa. Haina kazi ya kutafuna, unanyonya ngozi na kutema vifupa. Dar jioni miguu na vichwa vinauzwa barabarani kwa bei ya chini kabisa ya kuku, na anayenunua anaficha kwenye mfuko mweusi. Nimekula yote miwili. Ya kwao imeshinda kwa ulaini, ya kwetu kwa pilipili.

SWALI: Tulialikwa chakula na wenyeji Guangzhou, vyakula vikabaki tele. Mume wangu alitaka tubebe, mimi nikamfinya chini ya meza. Nani alikuwa sahihi? — Mama wa Vitenge, Arusha

JIBU: Mume. Ungemwacha. Kule kubeba si aibu, neno ni *dabao*, litamke kwa sauti na mhudumu ataleta viboksi, pengine kwa hela kidogo. Kama mwenyeji ndiye aliyelipa, mwache yeye aseme kwanza, na mara nyingi atakusukumia vyote wewe. Na vijiti usivisimamishe kwenye wali mkiwa mnafungasha, vinafanana na vijiti vya ubani vya msibani. Ila samaki mmalize hapo hapo. Hotelini hamna pa kumpashia moto, na harufu yake mtalala nayo mpaka siku ya ndege.