Maswali ya Wasomaji: Karabini ya .357 na Risasi Nyingine

SWALI: Nina karabini ya wenzo (bunduki fupi inayopakia risasi kwa kusukuma mpini ulio chini yake), Marlin 1894 ya .357 Magnum, ninayowindia kulungu. Risasi za mazoezi zinanimaliza mfuko. Je, fundi anaweza kuibadilisha ipige 9mm?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Usihangaike na 9mm. Ganda lake lina urefu wa milimita 19 tu na halina ukingo uliotokeza kitakoni, wakati chemba yako, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikipigwa, inaizuia risasi kwa ukingo huohuo. Ungelazimika kubadilisha mtutu, ndoana ya kung'olea ganda na kipandisha risasi, na gharama yake ingenunua bunduki nyingine.

Risasi ya pili unayo tayari: .38 Special. Vichwa vyake vina kipenyo kilekile cha .357, tofauti ni ganda, milimita 29.3 dhidi ya 32.8. Ganda la .357 lilirefushwa makusudi ili risasi hiyo kali isiingie kwenye bastola za .38, kwani shinikizo lake hufika pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, na la .38 ni 17,000. Kwa hiyo .38 kwenye chemba ya .357 ni salama. Kinyume chake usijaribu kamwe, hata ikionekana kuingia.

Chagua .38 yenye kichwa cha uzito wa grein 158 (kama gramu 10) kilicho bapa mbele. Kichwa kilichochongoka usikitie kwenye magazini ya bomba, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, maana ncha yake hukaa juu ya kiwashio (kidude cha kitakoni kinacholipuka kikigongwa) cha risasi iliyo mbele. Zile za shabaha ambazo kichwa kimezama chote ndani ya ganda ni fupi mno, hukwama njiani. Kabla ya kwenda uwanjani, pitisha risasi za bandia tano au sita, ukisukuma wenzo hadi mwisho bila kusita. Kwa kulungu rudi kwenye .357; .38 ni dhaifu kwa kazi hiyo. Na Ohio wakati wa kulungu bunduki hii haipaswi kubeba zaidi ya risasi tatu, magazini na chemba pamoja.

SWALI: Baada ya kupiga .38 nyingi, .357 haziingii vizuri. Nini kimeharibika?

JIBU: Hakuna kilichoharibika. Mdomo wa .38 huishia milimita tatu na nusu kabla ya mwisho wa chemba, na hapo masizi na madini ya risasi (ledi) yaliyoyeyuka kutoka kwenye vichwa hujenga pete ngumu. Usiisukume .357 kwa nguvu: pete ikiubana mdomo wa ganda, kichwa hakiachii kwa urahisi na shinikizo hupanda.

Hakikisha haina risasi ndani, magazini na chemba pia. Kwenye Marlin 1894 fungua skrubu ya wenzo, toa wenzo, kisha bolti, na ushike kitupa-ganda kisidondoke. Paka kiyeyushi cha masizi, subiri dakika 15, halafu zungusha brashi ya shaba ya kaliba .40 ndani ya chemba. Ile ya .357 ni nyembamba, huipita pete bila kuigusa. Futa mpaka kitambaa kitoke safi, kisha angusha ganda tupu la .357: likiteleza lenyewe hadi ukingoni, chemba iko tayari. Brashi ya chuma cha pua iache, hukwaruza chemba na maganda yataanza kunata.

Ukipiga .38 na .357 siku moja, anza na .357.